Saini Utaichoma kwa Bambo Gani?

Ndugu msomaji, mkulima wa Kongwa akipeleka mahindi yake sokoni Kibaigwa, mnunuzi hamwamini kwa maneno matupu. Huchoma gunia kwa bambo, akamimina punje kiganjani, akazitazama, akazinusa, akazitafuna. Zikiwa mbichi atazijua. Zikiwa zimetobolewa na dumuzi ataziona. Ndipo bei husemwa. Hiyo ndiyo biashara ya halali: bidhaa iko mbele ya macho, na kila mmoja anajua anachotoa na anachopata.

Sasa nakuuliza: saini utaichoma kwa bambo gani?

Swali hili si la mzaha. Huko Marekani wako watu wanaokusanya mipira ya besiboli, ile midogo myeupe ya ngozi yenye mshono mwekundu, iliyotiwa saini na wachezaji mashuhuri. Mtu hujaza kabati kwa mamia, kisha yeye au warithi wake wakaipiga mnada. Mpira mtupu thamani yake ni ndogo. Kinachonunuliwa ni wino. Na kwa kuwa kinachonunuliwa ni wino, waghushi nao wakashika kalamu. Mwaka 1999 wapelelezi wa FBI waliwavamia waghushi hao katika msako walioupa jina Operation Bullpen. Miongoni mwa vitu vilivyokamatwa ulikuwamo mpira wa besiboli wenye saini ya Mother Teresa, yule mtawa wa Calcutta! Mtawa na besiboli, wapi na wapi?

Usicheke, ndugu yangu, maana moto umekwisha kuingia nyumbani. Mtaani kwetu hapa Dodoma tulifanya mnada wa hisani ili kuezeka madrasa. Kijana mmoja akaleta mpira wa miguu wenye saini, akaapa wallahi kuwa ni ya mchezaji fulani maarufu. Mzee mmoja, mfanyabiashara wa alizeti, akaununua kwa shilingi laki nne, kwa kuipenda dini yake na kumpenda mjukuu wake. Mwezi haujaisha, kijana yule yule akatoa mpira mwingine katika mnada mwingine: jina lile lile, mwandiko mbali kabisa. Alipobanwa akakiri kuwa yote miwili aliiandika mwenyewe. Nilipolifikisha jambo hili kwenye kamati nikajibiwa: "Ustadhi, yaache hayo. Pesa imekwisha kuwa mabati, na watoto hawanyeshewi tena."

Hawanyeshewi, ni kweli. Lakini chini ya mabati hayo wanahifadhishwa Suratul Mutaffifin, inayowaonya wapunjaji! Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika chungu ya chakula sokoni akakuta ubichi chini, muuzaji alisingizia mvua. Mtume hakuukubali udhuru huo. Alimuuliza kwa nini hakuuweka ubichi ule juu, watu wauone. Basi ikiwa mvua haikuwa udhuru, madrasa itakuwaje udhuru?

Wako wasemao: "Mzee hakudhurika. Amefurahi, na mjukuu amefurahi." Furaha hiyo ni ya mtu aliyelala huku nyumba yake inaibiwa. Inadumu maadamu hajaamka. Tena wamesahau dhulma ya pili, kwa yule ambaye jina lake limetiwa mkono bila idhini yake. Saini ya mtu ni ahadi yake. Kwayo tunauza viwanja na kufunga mikataba. Mji ukizoea kuichezea kwenye mpira, kesho utaichezea kwenye hati ya kiwanja.

Mtazame Muhammad Ali. Alikuwa akitia saini vijitabu vya kuufundisha Uislamu, akavigawa bure. Alijua kuwa karatasi tupu mtu huitupa, lakini yenye saini yake ataiweka, na huenda siku moja akaisoma. Leo, baada ya kufa kwake mwaka 2016, karatasi zile zile zinauzwa kwa dola, na saini yake ni miongoni mwa zinazoghushiwa sana. Ujumbe umegeuzwa ganda, na wino umegeuzwa kiini.

Hata serikali ziliwahi kutaka kulitumia jina lake kama sarafu. Februari 1980 Rais Carter alimtuma Dar es Salaam ili Tanzania isusie michezo ya Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Tukaenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Tulimpenda Ali, lakini hatukununua sera kwa sababu ya jina lililobandikwa juu yake.

Mtu atanijibu: "Ali mwenyewe aliuza jina lake." Naam, mwaka 2006 aliuza asilimia 80 ya haki za jina na sura yake kwa dola milioni 50. Aliuza kilicho chake, kwa bei iliyojulikana na ridhaa ya pande mbili. Wala sisemi kuwa kila anayeuza saini ametenda haramu. Mjane aliyeachiwa kabati la mipira, na deni la marehemu liko shingoni, na auze. Lakini aseme alichonacho: hii niliiona ikitiwa saini, hii niliambiwa tu, hii siijui. Bei itashuka. Na ishuke! Hiyo ndiyo bei ya kweli. Kiapo cha muuzaji ndicho bambo pekee la mnunuzi wa saini. Likivunjika, hana kingine.

Basi nawaambia wanakamati wenzangu hadharani, maana faraghani hamkunisikia: tumwendee yule mzee kabla ya Ijumaa, tumwambie ukweli, tumrudishie laki nne zake, hata tukizichanga mifukoni mwetu. Akitusamehe na kuziacha, mabati yatakuwa sadaka yake. Asipotusamehe, tutakuwa tumelipa deni. Vyovyote vile, watoto watasoma chini ya paa la halali.

Mwenyezi Mungu atuongoze sote. Amin.