Sindano Si Fimbo ya Kumtishia Mtoto

Mara nyingi tunamsikia mzazi akimwambia mtoto anayelia, "Nyamaza, la sivyo nitakupeleka ukapigwe sindano!" Mtoto hunyamaza, mzazi hufurahi. Lakini mtoto amekwisha jifunza kwamba zahanati ni mahali pa adhabu. Nasema tabia hii tuiache.

Kwanza tuelewe hofu ni nini. Hofu peke yake si ugonjwa. Ukikutana na nyoka njiani, moyo hupiga haraka, jasho hutoka, mdomo hukauka. Mwili unajitayarisha kukimbia au kupambana. Hofu hiyo ni mlinzi wetu. Wahenga walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Lakini iko hofu iliyopita kiasi. Hofu hii ni kubwa kuliko hatari yenyewe, hukaa miezi mingi, tena humfanya mtu akwepe mambo ya lazima. Wako wanaoogopa hata picha ya nyoka. Wako wanaoogopa mahali pa juu, radi au giza. Wengine huogopa chumba kidogo kilichofungwa, au kusema mbele ya mkutano. Na wako wanaoogopa damu na sindano.

Hofu ya damu na sindano ina tofauti yake. Katika hofu nyingine msukumo wa damu hupanda. Katika hii hupanda kidogo, kisha hushuka ghafla, na mtu huzimia. Mara nyingi huwapata watu wa ukoo mmoja. Kwa hiyo hata mkulima mwenye nguvu anaweza kuanguka akiona sindano. Huyo hakurogwa, wala si wa kuchekwa. Akichekwa, hatarudi.

Na asiporudi, hapo ndipo penye hatari. Mtu akiumwa na mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kupata chanjo siku hiyo hiyo. Wako wanaokataa kwa sababu walisikia habari za sindano nyingi za tumboni. Hizo ni za zamani. Siku hizi mtu mzima hupigwa begani, tena mara chache tu. Lakini dalili zikisha anza, karibu kila mgonjwa hufa. Vivyo hivyo, mama mjamzito akikwepa chanjo ya pepopunda, anamwacha mtoto wake mchanga bila kinga.

Sasa tufanye nini? Ukiwa na hofu hii, mwambie mganga mapema, na uombe kulala kitandani wakati wa kupigwa sindano. Kama huwa unazimia, fanya zoezi hili. Kaza misuli ya miguu, ya tumbo na ya mkono usiopigwa sindano, ukihesabu mpaka 15. Legeza kwa nusu dakika. Rudia mara tano. Msukumo wa damu utapanda. Jizoeze nyumbani kabla ya kwenda. Mtu akizimia, mlaze chali, inua miguu yake, na usimpe kitu cha kunywa mpaka azinduke vizuri.

Hofu nyingine hupunguzwa hatua kwa hatua. Anayeogopa mbwa amtazame mbwa mpole kwa mbali, siku nyingine asogee kidogo. Asisukumwe kwa nguvu.

Wapo watakaosema kwamba mtoto asiyetishwa hatatii. Mimi sikubali. Mtoto hutii anayemwamini. Mwambie ukweli: "Itauma kidogo, kisha itakwisha." Mpakate, mshike mkono, msifu baadaye. Nasi watumishi wa zahanati tuache kuwakaripia wenye hofu.

Mzazi, ukitaka kumwonya mtoto wako, tafuta maneno mengine. Sindano tuiachie kazi yake ya kuokoa maisha.