Mashine moja ya hospitali, lebo mbili

WAFANYABIASHARA wanaoingiza vifaa vya hospitali wana sababu ya kufungua mafaili na kutazama upya ankara za mashine za kufuatilia hali ya wagonjwa, zile zinazowekwa kando ya kitanda kuonyesha mapigo ya moyo, shinikizo la damu na kiwango cha oksijeni.

Januari 30, 2025, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilitoa onyo kuhusu mashine ya CMS8000 inayotengenezwa na kampuni ya Contec ya China. Programu yake ilikutwa na mlango wa siri, na ikishaunganishwa na intaneti hutuma taarifa za mgonjwa nje ya hospitali. Aidha, mtu aliye mbali angeweza kuivuruga isifanye kazi inavyotakiwa. FDA ilisema wakati huo haikuwa na habari za mgonjwa aliyedhurika. Baadaye watafiti wa kampuni ya Claroty walisema huenda ni usanifu mbovu tu, si hila. Kwa mgonjwa, tofauti hiyo ni ndogo.

Kwa muuzaji, tatizo kubwa ni jina. Mashine hiyo hiyo iliuzwa pia kwa lebo ya Epsimed MN-120, na aliyesikia Contec peke yake angeweza kudhani onyo halimhusu.

Hati za forodha hazisaidii sana hapa. Kifungu 9018 cha ushuru kinabeba vifaa vya tiba vya kila namna, kuanzia bomba la sindano. Mzigo ukishalipiwa Mombasa au Dar es Salaam ukafika Kampala au Kigali, njia ya uhakika ya kumpata mnunuzi ni daftari la muuzaji lenye namba ya kila mashine na hospitali iliyoipokea. Mamlaka ya FDA yenyewe yanaishia Marekani.

Wasafirishaji nao wajue kuwa si kila hitilafu inaurudisha mzigo barabarani. Kwa CMS8000, FDA ilishauri hospitali zichomoe waya wa mtandao na kuzima mawasiliano yasiyo ya waya. Ikiwa mashine inategemewa kumfuatilia mgonjwa kwa mbali, isitumike. Lakini mashine ikilazimika kurudi kwa mtengenezaji, nauli ya kutoka Kigali hadi bandarini analipa nani? Hilo huandikwa kwenye mkataba kabla ya kulipia oda.