Saa ya mapumziko si hisani ya bosi

Ingia katika ofisi nyingi za Dar es Salaam saa saba mchana: mmoja anakula chipsi juu ya kibodi, mwingine anajibu simu huku chai yake ikipoa. Wamekaa meza jirani miaka miwili, lakini mmoja akifiwa, mwenzake huzipata habari kwenye kundi la WhatsApp.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iko wazi: anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Hiyo ni haki.

Kuipuuza kuna gharama, maana kazi isiyo na pumziko wala mazungumzo huielemea akili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa sonona na wasiwasi hupoteza siku za kazi bilioni 12 duniani kila mwaka.

Tunawashauri waajiri waanze na madogo: meza ndefu, birika la chai, marufuku ya vikao saa ya chakula, na bosi naye aketi hapo. Wafanyakazi nao wajuliane hali mapema, wasisubiri kukutana kwenye daftari la michango ya msiba.