Ajira na Kazi si Kitu Kimoja



Mmoja wetu akiulizwa, "Wafanya kazi gani?" aghalabu hutaja ofisi yake, wala hataji alifanyalo humo. Twaona jibu hilo lina kasoro. Ajira ni mapatano: huyu atoa saa zake, yule atoa ujira. Kazi ni tendo lenyewe, ambalo likiachwa, mtu hudhurika. Mkulima hana barua ya ajira, wala hakuna awezaye kusema hana kazi.

Tutazame Tanga, ambako Chama cha Watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika kilianzishwa mwaka 1922. Siku zile, katika mashamba ya mkonge ya huko, watu wengi waliajiriwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Siku aliyotimiza kiasi chake, mkata mkonge alitiliwa alama; siku asiyofika haikuhesabiwa. Bali karani mwenye mshahara wa mwezi, akiandika upesi au akikawia, alipokea fedha zile zile. Lakini akisahau alama moja tu, mwenzake aliweza kupoteza jasho la siku nzima. Basi kazi ya karani haikuwa katika kiti chake wala katika suti yake nyeupe; ilikuwa katika alama ile.

Vipande vile vimekwisha, lakini alama zingalipo mikononi mwetu. Mzee atoka mbali na karatasi yake, nasi twamwambia, "Rudi kesho," hali kalamu i mezani. Hatusemi haya kama watu wasio na hatia. Nasi tumeyatamka maneno hayo, tukayasahau kabla mzee hajafika mlangoni.

Wako watakaosema kuwa mshahara ni mdogo, na kazi na ilingane nao. Kudai ujira wa haki ni wajibu wa chama chetu, wala haturudi nyuma katika hilo. Lakini mzee yule siye aliyepanga mshahara wetu. Mbona tumlipize yeye? Tena tukienda kudai, ni nani atakayetushuhudia, ikiwa wale tunaowatumikia wametuchoka?

Kwa hiyo yatupasa, kila jioni kabla ya kufunga ofisi, tujiulize: leo tumeajiriwa tu, au tumefanya kazi?