Ofisi Nzuri Si Jipsam, Dada, Ni Sitara



Leo hatupambi maneno. Tumechoka na huu mtindo wa "ofisi ya kuvutia". Dada akipata mtaji kidogo, la kwanza ni fremu ya barabarani, mlango wa kioo, dari ya jipsam, taa za rangi na kiti cha dhahabu cha kupigia picha. Ukiuliza mteja atavulia nguo wapi, unaonyeshwa kona yenye khanga imetundikwa kwenye uzi.

Tunasema hivi kwa sababu na sisi tulifanya. Tuko Kasulo, wilaya ya Ngara, mahali ambapo wengi wanapajua kwa jina la Benaco, kwa ile kambi kubwa ya wakimbizi wa Rwanda ya mwaka 1994. Malori ya kwenda Rwanda na Burundi yanapita hapa, madereva na utingo wanashuka kula na kunyoosha miguu. Mbele ya barabara hiyo ndipo tukaweka kioo kuanzia sakafuni hadi juu! Siku moja akaja bibi harusi kujaribu gauni la nikaha. Pazia letu lilipungua shubiri moja kufika chini, na kwenye benchi kulikuwa na kijana anangoja suti yake. Yule binti alisimama nyuma ya pazia kimya, akatoka na baibui lake vilevile alivyoingia, akasema atarudi. Hakurudi. Gauni tukampelekea kwao, likambana mabegani siku ya shughuli. Pesa tulizomrudishia tumeshazisahau. Aibu ile hatujaisahau.

Kisha ikaja corona. Tarehe 16 Machi 2020 kesi ya kwanza nchini ilitangazwa, kesho yake serikali ikatangaza kufunga shule. Watoto wakarudi nyumbani, nasi tukabeba vyerehani tukawafuata. Tukashona barakoa sebuleni, tukapokea oda kwa WhatsApp. Ugonjwa ulipotulia hatukurudi kama zamani. Kukata na kushona sasa tunafanya zaidi nyumbani, na ofisini tunakwenda siku mbili tatu kwa wiki, kupima, kujaribisha na kukabidhi kazi. Wenzetu wa kompyuta, kuanzia Nairobi hadi London, nao wanaulizana swali hilo hilo: ofisi iwe na nini hata mtu aone faida ya kutoka kwake?

Jibu letu ni fupi. Iwe na kile ambacho nyumbani hakipo.

Wapo watakaosema, "Basi kaeni nyumbani moja kwa moja, sitara ya mwanamke ni nyumbani kwake." Tunawaheshimu, lakini hapa hatukubaliani. Nyumba ipi? Ile ya chumba na sebule, shemeji anaangalia mpira, watoto wanachezea chaki, na wateja wanagonga tangu Alfajiri mpaka baada ya Isha? Surat An-Nur imetaja nyakati tatu za faragha ambazo hata watoto wa ndani huomba ruhusa: kabla ya sala ya Alfajiri, adhuhuri mtu anapopunguza nguo, na baada ya sala ya Isha. Ikiwa mwanao anaomba ruhusa, mteja wa gauni ni nani asiombe? Kazi iliyoingia nyumbani bila mlango wala saa inaivua nyumba sitara yake. Na Bibi Khadija, Allah amridhie, alikuwa mfanyabiashara aliyejulikana Makka nzima, na biashara haikumpunguzia heshima hata chembe.

Basi tunataka nini? Chumba cha kujaribia chenye mlango na komeo kwa ndani, kipana kiasi cha bibi harusi kugeuka na shela lake. Kioo kirefu kiwe humo humo, asilazimike kutoka mbele za watu ndipo ajione. Siku za wateja wanaume zisichanganywe na za wanawake. Simu ya fundi isipige picha bila ruhusa. Pawe na pembe ya msala na mahali pa udhu. Na pawe na mahali pa kunyonyesha: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mwanawe wakati wa kazi. Saa anazo, je, akae wapi? Juu ya majora ya vitambaa?

Msituambie hayo ni ya matajiri. Sisi tuliuza kile kiti cha dhahabu, pesa yake tukampa seremala akatutilia mlango. Kioo cha mbele tukakibandika karatasi isiyoonyesha ndani.

Uzuri hatuukatai. Tumefundishwa kuwa Allah ni Mzuri na anapenda uzuri. Pakeni rangi, wekeni maua, fukizeni udi. Lakini anzeni na mlango.

Nanyi mabibi harusi, msijidharau, mna nguvu. Kabla ya kutoa kianzio, uliza: "Najaribia wapi?" Ukionyeshwa khanga kwenye uzi, beba kitambaa chako uende. Sisi mafundi hujifunza upesi mteja akiondoka.

Allah atusitiri duniani na akhera, na atutilie baraka katika kazi za mikono yetu. Amin.