BTU, tani au kilowati? Tuelewane kwanza

Juzi niliingia duka moja hapa Mombasa kutafuta kiyoyozi cha chumba cha seva. Muuzaji akaniambia, "Hiki ni tani moja, kaka." Nikawaza, ukuta wetu utabeba tani kweli?

Kumbe tani hiyo si uzito. Ni kasi ya kuondoa joto: joto la kuyeyusha tani ya Kimarekani ya barafu, kama kilo 907, kwa saa 24. Ndiyo hiyo hiyo BTU 12,000 kwa saa, ndiyo hiyo hiyo kilowati 3.5.

Lakini kilowati 3.5 ni joto linalotolewa chumbani, si umeme wa bili. Umeme ni mchache zaidi, kwa sababu kiyoyozi hakitengenezi baridi, kinahamisha joto tu.

Seva zangu zinakula wati 2,000, na karibu zote zinageuka joto: takriban BTU 6,800 kwa saa, kabla hujahesabu jua la Mombasa.

Maoni yangu: maduka yaandike wati za joto na wati za umeme, bega kwa bega. BTU peke yake haikwambii utalipa nini. Ukienda kununua, uliza zote mbili.