Mali ya Sadaka Katika Jiji la Cleveland: Nani Mwenye Haki Nayo?

Likitajwa neno Marekani, wasomaji wetu wengi huwajia mawazoni serikali, jeshi na makampuni makubwa. Ni wachache wanaofahamu kwamba katika miji ya nchi ile, hususan miji ya wastani isiyofikia ukubwa wa New York wala Chicago, mambo mengi ambayo kwingineko ni jukumu la serikali huendeshwa na asasi zisizo za serikali wala za biashara. Hospitali, maghala ya chakula cha maskini, malazi ya wasio na makao, mapokezi ya wakimbizi, yote hayo kwa sehemu kubwa yamo mikononi mwao. Tangu mwanzoni mwa mwaka 2025 asasi hizo zimeingia katika mtihani mzito. Tumeona ni vyema tuutazame mtihani huo katika jiji moja tu, nalo ni Cleveland, lililoko jimbo la Ohio kando ya Ziwa Erie.

Cleveland ni jiji lililopanda likashuka. Mwaka 1950 lilikuwa na wakazi zaidi ya 914,000, wengi wao wakiishi kwa viwanda vya chuma na vipuri vya magari. Sensa ya mwaka 2020 ilikuta watu 372,000 na ushei. Mwaka 1969 mto wake, Cuyahoga, uliwaka moto kwa wingi wa mafuta na taka za viwandani. Desemba 1978 halmashauri yake ilishindwa kuzilipa benki, likawa jiji kubwa la kwanza la Marekani kufikwa na aibu hiyo tangu mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Hata leo, karibu mkazi mmoja kati ya watatu anahesabiwa kuwa maskini. Na katika jiji hilohilo ndimo zilimo asasi za hisani ambazo utajiri wake ungeitosha bajeti ya nchi nzima.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Asasi hizi huitwa zisizo za faida, na wengi hudhani maana yake ni kwamba hazipati ziada. La hasha. Ziada wanaruhusiwa kuipata, tena kubwa. Kilichoharamishwa na sheria ya kodi, kifungu cha 501(c)(3), ni mtu yeyote kujigawia ziada hiyo kama mwenye hisa. Lazima irudi katika kazi iliyokusudiwa. Kwa sharti hilo, asasi husamehewa kodi ya mapato, na anayeichangia anaweza kupunguziwa kodi yake. Aghalabu hutakiwa kuwasilisha kila mwaka taarifa ya mapato, matumizi na mishahara ya wakubwa wake, na raia yeyote anayo haki ya kuisoma. (Ni wangapi miongoni mwetu tumewahi kuomba kuona hesabu za jumuiya tunazozichangia?)

Cleveland ina sifa yake ya pekee katika jambo hili. Mwaka 1914 mwanasheria na mkuu wa benki aliyeitwa Frederick Goff alianzisha pale Cleveland Foundation, mfuko wa kwanza wa aina yake duniani. Goff alikuwa ameona tatizo ambalo msomaji aliyekulia pwani, katika mtaa wenye nyumba za wakfu, hatapata tabu kulielewa. Tajiri huacha mali na kuiwekea masharti, dunia hubadilika, masharti hubaki. Mfano ni Bryan Mullanphy wa St. Louis, aliyefariki mwaka 1851 akiwa ameusia theluthi ya mali yake iwasaidie wasafiri maskini wapitao mjini hapo wakielekea magharibi. Reli zilipoenea na misafara ya magari ya kukokotwa ikakoma, walengwa wakawa haba huku fedha zikingali zipo. Waamerika huita hali hiyo mkono wa maiti, yaani marehemu akiendelea kuwatawala walio hai. Mafakihi wetu nao walilijadili suala hili karne nyingi zilizopita, walipozungumzia kubadilisha wakfu uliokoma kuleta manufaa.

Dawa ya Goff ilikuwa kuziweka amana za watu wengi katika mfuko mmoja wa jiji, kamati ikipewa uwezo wa kuelekeza mapato yake kwenye haja mpya pale ambapo ya zamani imetoweka. Kamati hiyo hakuikabidhi kwa benki peke yake. Kati ya wajumbe watano wa mwanzo, mmoja aliteuliwa na meya na wawili na majaji. Kazi za kwanza za mfuko hazikuwa kugawa fedha hata kidogo, bali kuchunguza. Shule za jiji zilichunguzwa mwaka 1915, kisha mahakama na polisi, uchunguzi uliotangazwa mwaka 1922 na kuwatia wakubwa tumbo joto. Leo mfuko una kama dola bilioni 3.

Hata hivyo, asasi kubwa zaidi isiyo ya faida mjini humo si mfuko huo. Ni Cleveland Clinic, hospitali iliyoanzishwa na madaktari wanne mwaka 1921. Mapato yake ya mwaka 2023 peke yake yalizidi dola bilioni 14, zaidi ya mara nne ya akiba yote ya mfuko wa Goff. Wafalme na matajiri hupanda ndege kwenda kutibiwa pale. Majengo yake yamepakana na mitaa ya Fairfax na Hough, ambayo ni miongoni mwa mitaa fukara ya Waamerika weusi. Majengo ya tiba kwa kawaida hayatozwi kodi ya majengo, ilhali kodi hiyo ndiyo tegemeo kubwa la shule za Ohio, hata Mahakama Kuu ya jimbo ikatamka mwaka 1997 kwamba kuitegemea mno kunakiuka katiba.

Hospitali hujibu kwamba manufaa inayoipa jamii yanazidi dola bilioni 1 kwa mwaka. Jibu hilo lina ukweli, lakini ndani ya hesabu hiyo mna gharama za utafiti, mafunzo ya madaktari, na pengo kati ya gharama halisi na kile serikali inachokilipia mgonjwa maskini. Ni mambo mema, ila si kila senti yake humfikia mtoto wa Fairfax. Jiji la Boston, tangu mwaka 2012, huziomba asasi zake kubwa zilipe robo ya kodi ambayo zingetozwa, na huduma za jamii huweza kuhesabiwa hadi nusu ya robo hiyo. Ni ombi, si amri, na wapo wasiolitimiza kikamilifu.

Haki itendeke: Cleveland Clinic imewahi kufanya zaidi ya hesabu za karatasi. Nyumba nyingi za jiji zilijengwa kabla ya mwaka 1978, rangi yenye madini ya risasi ilipopigwa marufuku, na vumbi la rangi hiyo hudhuru ubongo wa watoto. Mwaka 2019 jiji lilitunga sheria ya kuwalazimisha wapangishaji kupata cheti cha usalama, na mwaka 2022 hospitali iliahidi zaidi ya dola milioni 50 kwa kazi ya kuzisafisha nyumba. Aidha, mwaka 2009 mfuko wa Goff na hospitali za jiji zilisaidia kuanzisha Evergreen, kiwanda cha ushirika cha kufulia nguo ambamo wafanyakazi ndio wamiliki. Mwaka 2018 ushirika huo ulikabidhiwa ufuaji wa nguo za Cleveland Clinic yenyewe. Kwa maoni yetu hili lina uzito kuliko misaada mingi, kwa kuwa mashuka ya wagonjwa yatafuliwa kila siku, awepo mfadhili au asiwepo.

Sasa tuje kwenye mtihani. Asasi ndogo, zile zinazogusana na mwenye njaa uso kwa uso, nyingi huishi kwa fedha za serikali kuu kuliko kwa sadaka. Machi 2025 Washington ilisitisha shehena za chakula zenye thamani ya dola milioni 500 zilizokuwa ziende kwenye maghala ya nchi nzima. Novemba mwaka huohuo, serikali ilipokuwa imefungwa kwa siku 43 kwa mzozo wa bajeti, msaada wa chakula unaotegemewa na watu wapatao milioni 42 ulichelewa. Wenye maghala wenyewe husema kwamba kwa kila mlo mmoja wanaoutoa wao, msaada ule wa serikali hutoa milo 9. Basi anayedai kwamba serikali ijitoe na hisani iachiwe kazi, na aifanye hesabu hiyo kwanza.

Waliopata pigo la ghafla zaidi ni wapokeaji wa wakimbizi. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump alisimamisha uingizaji wa wakimbizi, na siku chache baadaye asasi ziliagizwa kusitisha hata huduma kwa waliokwisha kufika, ambao kwa utaratibu husaidiwa kodi ya nyumba, chakula na mambo ya shule kwa siku 90 za mwanzo. Kwa miaka kadhaa, Wakongo walikuwa miongoni mwa makundi makubwa zaidi ya wakimbizi walioingia Marekani, na Cleveland ni mmojawapo wa miji iliyowapokea. Wengi wao huzungumza Kiswahili, na wako waliokaa miaka na miaka katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kabla ya kusafirishwa.

Waislamu si wageni Cleveland. Wali Akram alianzisha First Cleveland Mosque mwaka 1937, katikati ya mdororo wa uchumi, akiwahimiza waumini wake, Waamerika weusi, wachangishane vichache walivyonavyo ili waache kuutegemea msaada wa serikali. Lakini waumini wa Akram walikuwa wenyeji, wenye lugha na jamaa mjini. Familia iliyoteremka kwenye ndege Januari 2025 haikuwa na hayo, na kodi ya nyumba ya mwezi wa pili ilikuwa inaingia Februari.